Sahani Tatu, Kipimo Kimoja

Katika nyumba ya fundi cherehani, sahani zote zilikuwa sawa. Pawa mbili za wali, upawa mmoja wa maharage, kijiko kimoja cha mboga. Baba hivyo, mama hivyo, binti hivyo. Fundi alizaliwa katika nyumba ya watoto tisa, ambako wakubwa walishiba na wadogo wakakwangua sufuria. Yeye alikuwa wa tisa. Aliapa kwamba kwake hakuna atakayepunjwa.

Walikuwa watu watatu tu. Mume alikata tiketi kituo cha mabasi, kutwa amekaa kitini. Binti, mwenye miaka kumi na sita, alikimbia mbio za mita elfu moja na mia tano. Wenzake shuleni walimwita Upepo. Fundi mwenyewe alishona katika chumba cha mbele, cherehani ikiwa karibu na dirisha.

Mwaka ule fundi alikuwa amepanua suruali za mumewe mara mbili. Sketi ya Upepo alikuwa ameipunguza mara mbili. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake kila siku, lakini hakujiuliza inamwambia nini. Ndiyo maana wanasema kinyozi hajinyoi.

Jumanne moja mwalimu wa michezo alimleta Upepo nyumbani. Alikuwa amemshika mkono.

"Mama, ameanguka mzunguko wa tatu," alisema mwalimu. "Ni mara ya pili mwezi huu. Mchujo wa timu ya kanda ni baada ya miezi miwili. Akianguka tena, nitamwondoa."

"Mwalimu, usiniondoe!" Upepo alianza kulia.

"Sikuadhibu, binti yangu. Naogopa."

Mume alisikia habari hiyo, na kesho yake akarudi na kopo kubwa la unga. Kwenye kopo palikuwa na picha ya mwanamume mwenye mikono minene kama mapaja.

"Huu ni unga wa nguvu," alisema. "Muuzaji ameniambia wanariadha wote wanautumia."

"Una nini ndani?" fundi aliuliza.

"Nguvu, mke wangu. Si nimekwambia?"

Basi fundi akaukoroga. Na kwa kuwa kwake hakuna wa kupunjwa, alikoroga vikombe vitatu. Baada ya wiki moja Upepo alikuwa anaharisha, na mume alikuwa anatafuta tundu jingine kwenye mkanda.

Asubuhi moja ya Jumamosi alikuja mteja kuchukua blauzi yake. Alikuwa mshauri wa lishe wa zahanati ya mtaa. Aliviona vikombe mezani.

"Fundi, nani mgonjwa hapa?"

"Hakuna mgonjwa, dada. Ni unga wa binti, anakimbia. Na sisi tunamsindikiza."

Mshauri alilishika kopo, akalizungusha. Picha ilikuwepo. Orodha ya vilivyomo haikuwepo.

"Usichokijua usikimeze," alisema. "Wekeni pembeni. Huyu binti anakula nini?"

"Tunachokula sote. Sahani yake ni sawa na ya baba yake. Mimi sipendelei mtu."

Mshauri alivaa blauzi, akajitazama kwenye kioo. Ilimkaa vizuri.

"Hii umeikata kwa kipimo cha nani?"

"Chako. Kimo daftarini."

"Kwa nini hukutumia kipimo cha mumeo? Kitambaa si kilekile?"

Fundi alicheka. Kisha akainua macho. Ukutani zilining'inia suruali iliyopanuliwa na sketi iliyopunguzwa, kwenye msumari mmoja. Alizitazama kwa muda. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

"Nilidhani natenda haki," alisema.

"Umetenda kwa upendo. Ila mwili wa anayekimbia hauhitaji sawa na wa anayekaa. Kwanza waende zahanati, wapimwe wote wawili, binti na baba. Kuanguka si jambo la kubahatisha. Halafu kila mmoja aandike anachokula kwa siku saba, na saa, na anavyojisikia. Bila uongo."

Walipimwa. Damu ya Upepo ilikuwa imepungua kidogo. Muuguzi alimpa vidonge na kumweleza namna ya kuvimeza. Shinikizo la damu la baba lilikuwa limeanza kupanda.

Baada ya siku saba mshauri alirudi, akasoma karatasi zao.

"Upepo, asubuhi ni chai tupu. Mchana hakuna kitu. Kwa nini?"

"Nikila nashindwa kukimbia, shangazi. Tumbo linauma."

"Na mazoezi ni saa kumi jioni. Kwa hiyo unakimbia na chakula cha jana."

Upepo aliinamisha kichwa. Mume alicheka, lakini hakucheka sana, maana karatasi yake ilifuata.

"Shemeji, soda mbili kila siku, na maandazi manne?"

"Ulisema bila uongo," alijibu mume.

Fundi alifungua daftari lake la vipimo. Mshauri akitaja, mahali pa kifua na kiuno aliandika chakula. Ukurasa wa Upepo: asubuhi yai na viazi vya kuchemsha. Mchana wali mwingi, maharage, mboga za majani, na chungwa, kwa sababu chungwa husaidia mwili kupata madini ya kuongeza damu. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huyazuia madini hayo. Saa moja kabla ya mazoezi, ndizi mbivu mbili. Baada ya mazoezi, maji na maziwa.

Ukurasa wa baba: nusu ya sahani mboga, upawa mmoja wa wali, maharage, chumvi kidogo. Maji badala ya soda. Kwenda kazini kwa miguu.

Siku ya kwanza mume alitazama sahani ya binti yake, akatazama yake.

"Mke wangu, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Hujakimbia."

Wiki mbili za mwanzo Upepo hakuona tofauti, akakata tamaa. Mama yake alimwambia aendelee. Wiki ya nne alimaliza mazoezi akiwa amesimama. Kopo la unga sasa halikuwa na unga, lilijaa vifungo.

Siku ya mchujo fundi alikaa jukwaani, futi shingoni kwa mazoea. Mzunguko wa tatu ulipofika aliikamata kwa mikono miwili. Upepo alipita pale alipoangukia. Hakuanguka. Alimaliza wa pili, na wanaochukuliwa walikuwa watatu. Mwalimu aliandika jina lake, akatabasamu.

Jumatatu Upepo aliivaa sketi ya shule.

"Mama, inanibana."

Fundi aliipokea. Akachukua wembe, akafumua mshono wa kwanza aliopunguzia mwaka ule, kisha wa pili. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Mume alisimama mlangoni ameshika suruali kiunoni isianguke.

"Na mimi je? Unaanza naye? Huo si upendeleo?"

"Ndiyo, ni upendeleo," alisema fundi. "Kaa usubiri. Wewe nakuja kukupunguza."