Kichwa cha Msichana wa Udongo

Kheiria, jirani yetu wa Ansab, hapa Maskati, hakulia mama yake alipofariki. Watu walimsema, na watu hawana dogo. Machozi hayakuja tu. Mwili mzima ulikuwa kama umechomwa sindano ya ganzi.

Hitima ilipokwisha, asubuhi moja akafungua kabati la marehemu mama yao, Bi Balqis, yeye na mdogo wake Ruqaya. Ndani mlikuwa na sanamu ya udongo ya Kiingereza, ya miaka zaidi ya mia mbili, waliyohama nayo kutoka Unguja: msichana kapakata mwanakondoo, kamiminiwa rangi ya kijani na kahawia inayong'aa. Kichwa hana. Bi Balqis alikivunja mwenyewe, maana alikuwa akisali chumba kile, na sanamu yenye kichwa haikai panaposaliwa. Kichwa alikifunga kitambaa, akakitia mkebe wa halua.

"Dada, Mama alisema visikutane," Ruqaya alinong'ona.

"Mama hayupo," Kheiria akajibu. Alitaka kitu kimoja tu cha mama yake kiwe kizima. Akakitoa kichwa mkebeni, akatia gundi shingoni, akakibandika.

Mchana Ghadeer, bintiye wa pekee, akarudi kutoka skuli. Hakutoa salamu. Alikaa kwenye zulia, mikono kaikunja kifuani kama aliyepakata kitu. Kheiria akamwita. Akamshika shavu. Lilikuwa baridi, linateleza. Macho yako wazi, hayapepesi.

Ruqaya alianza kusoma Ayatul Kursiy. Kheiria hana mtoto mwengine, na hilo alilijua. Hofu, hata hiyo, haikuja. Alikwenda kabatini, akaishika sanamu. Shingo ilikuwa ya moto, ina homa. Akaipiga ukingoni mwa meza. Kichwa kikatoka.

"Mama, nna njaa," akasema Ghadeer.

Alikula wali kwa papa, akacheka na katuni zake. Kheiria alikirudisha kichwa mkebeni, akaufunga, kisha akamketisha mtoto amsuke. Alipoziinua nywele, akauona. Mstari mwembamba, umeizunguka shingo yote. Kisogoni tone la gundi limekauka. Akaligusa kwa ukucha. Ngozi ikalia kama kikombe.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu." Akagawa nywele mafungu matatu, akaanza kusuka, taratibu. "Usitikise kichwa, mwanangu."