Gari la Kufunua Paa

Mvua ilipoanza kugonga bati, mshonaji aliacha gauni chini ya sindano akakimbia uani. Mumewe alikuwa ameshatangulia na turubai. Kila mmoja alishika pembe yake, wakalifunika gari. Watoto wao walikuwa njiani kutoka shuleni, wanalowa, na hakuna aliyewapelekea mwavuli. Gari ndilo lililokuwa na watumishi wawili.

Lilikuwa gari jekundu la kifahari, la milango miwili. Ukibonyeza kitufe, paa lake la kitambaa lilijikunja nyuma. Mumewe, kinyozi mwenye maneno matamu, aliuza kiwanja chao ili alinunue. "Mke wangu, maharusi watalikodi kila wiki," alisema. "Na bei yenyewe ni ya kutupa!" Mtaa mzima ukaanza kumwita Bosi. Harusi zilikuja mbili tu, kisha paa likachanika.

Mshonaji hakuona tabu. Kitambaa ni kitambaa, alijisemea. Alikaa kwenye kiti cha nyuma na sindano nene, akaushona ule mpasuko kwa ustadi wake wote. Bosi alimsifu mpaka majirani wakachungulia. Mvua iliyofuata, maji yakaingia. Tangu hapo paa haliendi mbele wala nyuma, taa zinawaka ovyo, na ndani kunanuka uvundo.

"Nimepata mtu wa kununua cherehani yako," Bosi alisema mvua ilipopungua, bila kumtazama. "Anakuja kesho. Tutengeneze paa kwanza. Harusi zikirudi nitakununulia mpya."

Cherehani ile ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na ada za watoto, kwa sababu mapato ya kinyozi yote yaliishia kituo cha mafuta. Mshonaji akaenda kumwita jirani yao, mama aliyeendesha magari ya matajiri kwa miaka mingi.

Jirani alipitisha kidole kwenye mshono.

"Mdogo wangu, umeshona vizuri mno. Lakini kila sindano ilipopita imeacha tundu, na maji yanapita humo. Paa hili sasa ni la kubadilishwa lote."

"Kwa bei gani?" Bosi akauliza.

"Karibu nusu ya pesa uliyonunulia gari. Na maji yamefika kwenye nyaya na kwenye pampu inayoinua paa. Hiyo ni gharama nyingine. Bima je?"

Bosi akakuna kichwa. "Iliisha."

"Na matairi?"

"Bado yanasukuma sukuma."

"Yamekwisha, shemeji. Tajiri alilichoka gari ndiyo maana akaliuza rahisi. Lakini vipuri vyake bado vina bei ya tajiri, na mafuta linakunywa vilevile. Mliuliza kulitunza ni kiasi gani?"

"Tuliuliza bei ya kununua tu," mshonaji alisema, machozi yakimtoka. "Tukapunguziwa, tukafurahi kama wajinga."

"Basi mkiuza cherehani leo, likiharibika tena mtauza nini?"

Mshonaji alijifuta uso kwa upande wa kanga.

"Cherehani haiuzwi," alisema. "Huyo mtu wako mwambie nimekataa. Liuze gari."

"Nani atalichukua hivi lilivyo?"

"Wauza vipuri," jirani alijibu.

Walilichukua likiwa linavutwa kwa kamba. Pesa waliyotoa isingenunua hata kona ya kile kiwanja. Ililipa kodi iliyokuwa inadaiwa, basi. Watoto hawakufukuzwa shule, na cherehani bado inalia chumbani. Siku hizi Bosi akiletewa kitu cha bei rahisi huuliza kwanza kinakula nini kila mwezi. Lakini kiwanja hakitarudi, na wote wawili wanalijua hilo.

Juzi mvua ilinyesha tena. Bosi alinyakua turubai akakimbia mpaka mlangoni, akasimama. Uani palikuwa na doa la mafuta tu. Alibaki pale akilitazama, turubai mkononi. Mshonaji alimwonea huruma na hasira kwa pamoja.

"Baba watoto," alimwita, "weka hilo turubai. Chukua mwavuli, watoto wanatoka shule."