Mama Mkwe Amefungwa Mdomo

Kila siku nilipotoka shule nilivua viatu mlangoni, nikatundika sare kwenye msumari, nikanywa maji, kisha nikakaa kwenye kigoda chini ya dirisha kufanya kazi za shule hadi mama arudi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani na shuleni waliniita Kasuku, kwa sababu neno likiingia sikioni mwangu halikulala humo. Kabla jua halijatua lilikuwa limeshatoka mdomoni.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa mbao usiofika darini. Upande mmoja tulikaa mama na mimi. Upande wa pili alikaa mjomba, mdogo wake mama, pamoja na mke aliyemwoa miezi miwili nyuma. Sisi sote tulikuwa bado tunamwita Bibi Harusi, naye bado alikuwa anaona haya. Wote watatu walifanya kazi mahali pamoja, kwenye kiwanda cha kufulia mwisho wa barabara, kilichofua mashuka ya hospitali na hoteli. Mama alikunja mashuka. Mjomba alikuwa chumba cha mitambo, na Bibi Harusi aliandika daftari la huko. Zaidi ya hapo sikujua kitu, maana mama hakuleta habari za kazi nyumbani. Alisema jasho la kiwandani liishie getini.

Bibi yangu, mzazi wa mama na mjomba, alikuja kwenye harusi akakaa wiki tatu. Katika wiki hizo alimsahihisha Bibi Harusi alivyofagia, alivyokunja nguo na hata alivyocheka. Asubuhi moja niliamka nikaambiwa ameshaondoka, mjomba amemsindikiza kituoni alfajiri. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana. Mama alisema bila shaka ameitumbukiza tena kwenye ndoo ya maji.

Jumanne moja, wakati mama bado yuko kazini, mjomba na mkewe walirudi mapema. Nilikuwa nagawanya sehemu kwa desimali, kimya, nao hawakujua kama nipo. Wakaanza kunong'ona.

"Mama Mkwe atatuua," alisema Bibi Harusi.

"Hawezi kitu. Nimemfunga mdomo kwa waya, na waya wenyewe mnene."

"Anatetemeka. Leo nimemgusa, anatetemeka mwili mzima. Na dada yako yuko palepale, upande wa pili wa ukuta. Hajui."

"Na asijue. Akijua dada, wote watajua, na wa kwanza kutupwa nje ni sisi."

Niliutazama ukuta wa mbao. Upande wa pili wa ukuta. Mama mkwe wa Bibi Harusi alikuwa mmoja tu duniani, naye ni bibi yangu, ambaye simu yake haipatikani.

Penseli ikaniponyoka ikagonga sakafu. Kule ng'ambo wakanyamaza ghafla. Muda si muda mjomba akasimama mlangoni kwetu. Huyu ndiye mjomba aliyenibeba mabegani nilipokuwa mdogo, aliyewachekesha hata wachimba kaburi. Siku hiyo hakucheka. Vidole vyake vilikuwa na michubuko mirefu myembamba, kama ya mtu aliyeshindana na waya.

"Kasuku, umesikia nini?"

Nikasema sijasikia kitu.

"Vizuri. Kuna kasuku waliowahi kuponza nyumba nzima. Mama yako anapata kula na wewe unasoma kwa sababu watu wazima wanajua kunyamaza. Umenielewa?"

Nikamjibu nimeelewa. Hapo nikawa mtu wa tatu kuibeba ile siri, na siri hiyo sikuijua hata umbo lake.

Siku iliyofuata walipokwenda kazini nilichungulia kwenye ufa wa mbao. Pembeni ya kitanda chao niliona bunda la waya, kitambaa cha kichwa cha bibi kikiwa sakafuni, na kitu kirefu kimeviringishwa, kimefungwa waya mara tatu, kimesimamishwa ukutani. Urefu wake ulikuwa kama wa mtu mfupi. Sikutazama mara ya pili. Nilikwenda kukaa nje kwenye ngazi hadi mama aliporudi.

Kwa siku tatu chakula hakikushuka. Bibi Harusi aliniletea maji ya kuoga, akanichana nywele, akaniuliza kama naumwa. Kila mkono wake ulipogusa kichwa changu nilijiuliza umefanya nini kingine mkono huo. Na usiku sikulala. Nilisikiliza kama kuna anayegumia upande wa pili. Mwalimu aliniuliza kasuku wake amekwenda wapi, darasa zima likacheka, mimi nikainamisha kichwa.

Ijumaa shule ilifungwa saa sita mchana. Nilimkuta mama anafunga kamba za viatu kwenda zamu ya mchana. Kumwona ameinama hivyo, na kovu lake jeupe shingoni lililoanzia sikioni hadi begani, nikaona kwamba sasa nitapasuka mimi.

"Mama, mtu akifungwa mdomo kwa waya anaweza kuishi siku ngapi?"

Akainuka taratibu. Nikamwambia yote, nikilia. Nilipofika kwenye jina la Mama Mkwe, mama alianza kucheka. Alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Akaniambia maskini mwanangu, bibi yako yuko kwake salama, jirani yake alipiga simu jana usiku kuulizia kitambaa chake. Kile kitu kirefu cha ukutani ni godoro alilolalia. Mama Mkwe ni jina la utani la boila ya kiwandani, ule mtungi mkubwa wa chuma unaochemsha maji ya kufulia. Wafanyakazi waliiita hivyo kwa sababu ilifoka kuanzia asubuhi hadi jioni, haikuridhika na chochote, na kila mtu alitembea mbele yake kwa adabu.

Halafu kicheko kikakatika.

"Hebu rudia. Amefungwa nini?"

"Mdomo. Kwa waya."

Mkono wa mama ukapanda wenyewe hadi kwenye kovu.

Boila ina tundu juu yake lenye kifuniko cha springi, linaloitwa valvu ya usalama. Mvuke ukizidi, kifuniko kinajifungua chenyewe, mvuke unatoka kwa kelele, mtungi unapona. Huo ndio mdomo wake. Wiki tatu nzima mdomo huo ulikuwa kimya. Mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Tajiri, aliwatangazia kwamba umetengenezwa. Akina mama wa kwenye meza za kukunjia wakashukuru masikio yao yamepumzika. Meza hizo ziliegemea ukuta wa boila.

Ngoja niwaambie kuhusu lile kovu, kwa maana wenye mali husahau upesi na sisi wengine hatuna ruhusa ya kusahau. Kabla sijazaliwa, mama alifanya kazi kwenye kinu cha kukamulia mafuta. Boila ya kinu ilipasuka asubuhi, saa tatu na dakika kumi. Wanawake watano walikufa. Mwenye kinu alikuja na majeneza mazuri matano, akasema ni mipango ya Mungu, akafungua kinu kingine mji mwingine. Hakuna aliyemuuliza Mungu kama kweli alipanga. Ukuta wa kinu kile umebaki mweusi mpaka leo, na watoto wanauchorea magoli.

Mama aliniamuru nibaki nyumbani. Sikubaki. Nilimfuata nyuma hatua ishirini hadi getini, nikapenya nyuma ya mikokoteni ya mashuka.

Hakupiga kelele, kwa sababu aliyajua yanayotokea watu wengi wakikimbilia mlango mmoja. Alipita meza hadi meza akiinamia kila sikio. Alisema maneno manne tu: Mama Mkwe amefungwa mdomo. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Wanawake walitoka mmoja mmoja, wengine bado wameshika shuka lililokunjwa nusu, wakaenda kusimama mbali, ng'ambo ya uwanja.

Kisha mama akaenda kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Nilihisi joto lake hata pale nilipojificha. Boila ilikuwa inanguruma chinichini, na sakafu ilitetemeka kwenye nyayo zangu. Mjomba alikuwa ameipa mgongo.

"Dada, rudi kazini kwako," alisema bila kugeuka.

"Zima moto, mdogo wangu. Ukishauzima, unifokee unavyotaka."

"Tajiri ametuahidi ajira ya kudumu. Valvu ilikuwa inavuja, kazi zinachelewa. Alisema itanunuliwa mpya mwisho wa mwezi. Ni mwisho wa mwezi tu, dada."

Mama alifungua kola ya gauni akamwonyesha shingo. Mjomba alikuwa mtoto wa miaka minane siku ile ya kinu, na yeye ndiye aliyempepea hospitalini.

Bibi Harusi alikuwa amesimama pembeni na daftari kifuani. Kazi yake ilikuwa kusoma sindano ya presha kila saa na kuandika ilipofika. Sauti yake ilitoka ndogo. "Sindano imepita mstari mwekundu tangu saa nne. Mimi nimeandika iko kwenye kijani. Wiki tatu naandika kijani." Akamtazama mumewe. "Zima, au nitazima mimi na sijui panazimwa wapi."

Mjomba akauzima moto. Waya hakuugusa, kwa kuwa kufungua mdomo ghafla mvuke ukiwa umejaa kungemchuna ngozi. Alifungua mabomba ya pembeni polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na mvuke ukaanza kutoka uani kwa mluzi mrefu. Alimwambia mama atoke na mke wake. Alibaki humo peke yake karibu saa nzima. Sisi tulisimama uwanjani tukitazama mlango ule, na Bibi Harusi aliubana mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Sikuuvuta. Mjomba alipotoka, shati limemganda mwilini, alikaa chini ardhini kama mzee.

Tajiri alifika na gari lake akauliza nani amewapa ruhusa ya kutoka. Bibi Harusi, yule aliyeona haya kuitwa jina lake, ndiye aliyejibu. Alisema mkono ulioandika uongo ni wake, mkono uliofunga waya ni wa mumewe, na mdomo ulioagiza ni wa Tajiri. Tajiri akakana. Alidai hakumwambia mtu afunge waya, alisema tu kelele ipungue. Na ni kweli. Neno waya halikutoka kinywani mwake. Watu wa aina yake hawatamki waya. Hutamka haja, kisha humwacha mnyonge atafute waya mwenyewe.

Wanawake wakaketi chini. Walisema hawaingii mpaka mkaguzi wa mitambo wa serikali aje, na hawaingii kama mtu atafukuzwa kwa kusema ukweli. Waliketi siku nne, mvua moja ikiwanyeshea. Mkaguzi alipokuja alikata waya kwa koleo, akakuta springi imeshikana kwa kutu. Aliulizwa boila ingedumu muda gani. Alijibu kwamba yeye hupima chuma, hapimi bahati. Valvu mpya ilifungwa mbele ya macho yetu, na Tajiri akaandikiwa mashtaka. Mjomba aliondolewa chumba cha mitambo mpaka asome na kufaulu mtihani wa kazi hiyo. Hakubisha. Alisukuma mikokoteni ya mashuka mwaka mzima. Daftari la presha likatundikwa ukutani ambapo kila mtu angeweza kulisoma.

Jioni ya Ijumaa ile mjomba alinijia kwenye kigoda changu, akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. Aliniomba radhi kwa maneno aliyonitisha nayo. Alisema alikuwa anaogopa, na mtu mzima mwenye woga humtafuta aliye mdogo kuliko yeye amtwishe woga huo. Bibi Harusi alisimama nyuma yake akilia bila sauti.

Wiki iliyofuata bibi alifika kufuata kitambaa chake, na simu mpya shingoni kwenye kamba. Tulipomsimulia alitaka kwanza kujua nani aliyeipa boila jina lile, na mjomba akapata shughuli ya ghafla nje. Bibi alimpigia kelele arudi, akatukalisha wote.

"Mama mkwe anayefoka anaudhi," alisema. "Lakini mnajua yuko wapi na nini kinamsumbua. Mkamfunga mdomo mkadhani mmepata amani. Kelele ile ndiyo iliyokuwa inawaponya. Siri ya kumsitiri mtu itunzeni mpaka kaburini. Siri inayoweza kuua watu, hata kama imefungwa na anayekupa chakula, hata kama ni ya ndugu yako, ni waya tu. Ikateni mapema."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe, maisha yako yote unasema hata usiyoulizwa. Ukanyamaza siku tatu tu, ukachagua siku hizo."

Watu wakacheka, hata mimi. Jumatatu, tukiwa darasani, valvu mpya ililia kwa mara ya kwanza. Ililia kwa nguvu kuliko ile ya zamani, hadi mwalimu akaacha kuandika ubaoni na kuuliza ni kelele gani hiyo.

Nikanyoosha mkono nikamwambia ni Mama Mkwe, na kwamba mama yangu yuko upande wa pili wa ukuta.