Lango la Bi Icilda Siku ya Tisa

"Fungua lango, Icilda! Supu inapoa na mikono inaniuma!"

"Rudi nayo kwako, Pansy. Hapa hakuna matanga."

"Hakuna matanga? Mtu amekufa, leo siku ya tisa, nawe umepiga kufuli kama duka la Jumapili!"

Vichwa vikachomoza madirishani. Mtaa ule wa Jamaika haukosi masikio.

Bi Pansy alisimama nje na sufuria ya supu ya mbuzi. Bi Icilda alisimama uani, macho makavu, gauni limenyooshwa pasi. Tangu mumewe, Shemasi Linval, afariki, hakuwa amedondosha chozi wala kupokea mgeni. Alikunywa chai tupu.

"Na kitanda hujakigeuza," Bi Pansy alinong'ona. "Mzimu wake ukirudi usiku huu wa tisa ukute chumba ni kilekile, utaingia ulale. Shauri yako!"

"Linval yuko kwa Bwana wake. Ana haja gani na godoro langu?"

"Basi angalau ulie! Mimi jirani nimelia mpaka kamasi. Watu wanasema ulimchoka."

Neno hilo lilimchoma Icilda. Akageuka, akaingia ndani.

Dada Merlene, anayewatembelea wafiwa wa kanisa lao, alipitia mlango wa nyuma. Yeye mwenyewe ni mjane. Alimkuta Icilda akipiga rangi viatu vya Linval, ambavyo angezikwa navyo Jumamosi. Vilikuwa vinang'aa tayari.

"Umekula, mama?"

"Sina njaa."

"Umelia?"

Icilda akasugua kwa nguvu zaidi. "Nikilia, mtaa mzima utasema imani ya Linval ilikuwa maneno matupu. Nataka niwe mfano."

"Nani kakwambia muumini halii? Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, naye alijua atamfufua muda si mrefu. Maandiko hayakutukataza huzuni. Yanatuambia tusihuzunike kama watu wasio na tumaini. Unalia kwa sababu amekuacha. Unatulia kwa sababu mtaonana. Yote mawili hukaa kifua kimoja."

"Sasa mfano ni upi?"

"Ni jinsi alivyoishi na watu. Pansy alipovunjika mguu, nani alimchotea maji?"

"Linval. Kila asubuhi, akiimba tenzi kwa sauti ya mbuzi." Icilda akacheka. Kicheko kikakatika katikati, kikawa kilio. Kiatu kikamwanguka. Dada Merlene akamkumbatia, hakumwambia nyamaza.

Icilda alipopumua, Dada Merlene akasema, "Pansy naye ana kilio chake. Umemfungia nje pamoja nacho."

Icilda akanawa uso, akachukua ufunguo.

Bi Pansy hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, akifukuza mbwa wasiikaribie sufuria. Alipoyaona macho mekundu ya Icilda, akainuka na sufuria yake.

"Hao wanaosema nilimchoka, waite," Icilda alisema. "Waje na dhumna zao, wakeshe wakicheza. Pombe yao ya rom waiache kwao."

"Watanung'unika."

"Wanung'unike wakila."

Punde ua ukajaa. Wengine walileta samaki wa kukaanga na mikate ya muhogo, wengine shelisheli la kuchoma. Icilda aliimba akilia, akalia akiimba. Mzee mmoja akamsogelea. "Kumbe ulimpenda! Sasa mbona huogopi mzimu wake?"

"Nililala naye miaka thelathini na minane, nikamwogope leo? Nitalia tena Jumamosi, baba. Lakini siku ya ufufuo nitamwona, na kitanda hakigeuzwi."

Mzee akatikisa kichwa, akaomba aimbe tena ule wimbo.

Icilda akala kipande cha samaki, chakula chake cha kwanza baada ya siku tisa, akaenda kupakua supu mezani ndani. Bi Pansy alimfuata mpaka kizingitini, akakwama. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja.

"Hicho si cha Linval?"

"Ndicho."

"Mimi nitasimama tu, Icilda. Mguu umeshapona."

"Aliyekuchotea maji atakunyima kiti? Ingia, shoga. Kaa, tule."