Gololi Ndani ya Puto

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala barabarani kama mtu aliyechoka, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nyuma ya kibanda cha fundi wa pancha, msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa amepiga magoti mbele ya ufito aliouning'iniza kwa uzi katikati. Kila ncha ilikuwa na puto: moja tupu, jingine limejaa hewa.

Ufito ulitulia sawasawa.

"Inama basi," aliunong'oneza. "Tafadhali."

Fundi huyo alikuwa mjomba wake. Yeye alimwita Chiriku, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa haishiwi maneno. Lakini tangu mama yake apate kazi mbali na kumleta hapa katikati ya muhula, maneno yalikuwa yamemwisha. Shuleni walimwita Pancha, kwa harufu ya mpira iliyoshika sare yake. Alikaa peke yake kwenye dawati la watu wawili. Upande wa pili aliweka mkoba, ili pasionekane patupu mno.

Mwalimu wa sayansi alikuwa amewataka waonyeshe kwamba hewa ina uzito. Wenzake walifanya wawili wawili. Yeye hakuwa na wa kumshikia hata uzi. Aliangaza huku na huku, akachukua gololi moja ya baiskeli kwenye kopo la mjomba, akaipaka gundi, akaibandika ndani ya puto na kulijaza upya. Ufito ukainama. Roho ilimsuta, akajifanya haisikii.

"Haya Pancha, usije ukavuja!" kiranja alimtania alipoitwa mbele, na darasa zima likaangua kicheko.

Chiriku alitundika maputo mawili matupu. Ufito ukatulia. Akatoa moja na kutundika lile alilolijaza nyumbani. Ufito ukashuka upande mmoja, wazi kabisa.

"Hee!" walishangaa. Fito za wengine karibu zote zilikuwa zimegoma kuinama.

"Vizuri sana," alisema mwalimu. "Kesho utalitoboa mbele yetu. Hewa ikitoka, ufito lazima urudi sawa." Akalifungia puto kabatini.

Wakati wa mapumziko, msichana mmoja mchangamfu, ambaye wote walimwita Kicheko, alikuja na mkoba wake. "Nisogezee nafasi, mtaalamu. Kule nyuma wananipigia kelele."

Chiriku alisogea. Kwa mara ya kwanza dawati lilikuwa na joto la mtu wa pili. Kicheko alimpa nusu ya andazi lake, akamsimulia habari za mdogo wake anayelala amekaa. Chiriku alicheka, lakini macho yake yakarudi kwenye kabati. Kesho hewa ingetoka, na gololi ingebaki.

Jioni alimkuta mjomba akikabiliana na mchuuzi wa mikate, baiskeli yake imelala chini.

"Fundi, jana tu umenizibia! Leo nimeisukuma kutoka sokoni kama kichaa!"

Mjomba hakubisha. Alitoa mpira wa ndani, akaujaza upepo, akauzamisha kwenye karai la maji. Mapovu madogo yakapanda mfululizo kutoka chini ya kiraka cha jana.

"Kaka, kosa ni langu," alisema. "Sikuusugua mpira vizuri kabla ya kutia gundi. Kaa, nikuzibie upya. Hulipi kitu."

Mchuuzi alipoondoka, Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, si ungesema ni msumari mwingine? Asingejua."

"Asingejua, ndiyo. Lakini upepo ungeendelea kutoka."

Chiriku aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda chake. Hakuomba asikamatwe. Aliomba, "Mungu wangu, nikibaki peke yangu tena, kaa nami wewe." Kisha akatoka na kumweleza mjomba yote, hadi gololi.

Mjomba aliweka spana chini. "Jaribio lako halikuwa baya, mwanangu. Puto ni laini, haliushindilii upepo sana, kwa hiyo uzito unaoongezeka ni mdogo mno kwa ufito wako. Lete ule mpira wa miguu uliosinyaa. Na pampu."

Jumanne, Chiriku alisimama mbele kabla mwalimu hajafungua kabati.

"Mwalimu, ndani ya puto lile kuna gololi. Niliiweka mimi. Niliwadanganya."

Kicheko aliinuka taratibu, akachukua mkoba wake, akarudi nyuma. Chiriku alisikia hatua zake zote. Aliona sakafu ikicheza kwa machozi, lakini hakwenda kukaa.

"Naomba nijaribu tena, Mwalimu. Bila kuficha kitu."

Alining'iniza mpira uliosinyaa upande mmoja, na upande wa pili mfuko wa mchanga, akipunguza chembe kwa chembe mpaka ufito ukatulia. Akautoa mpira, akaupiga pampu mpaka ukawa mgumu kama jiwe, akaurudisha palepale. Ufito ukashuka upande wa mpira. Kisha akaufungua mpira, hewa ikatoka ikilia, nao ufito ukapanda polepole mpaka ukawa sawa.

Mwalimu aliuacha utulie kabisa ndipo akasema.

"Mmeona. Hewa hatuioni, lakini inachukua nafasi, inashindiliwa, na ina uzito. Uongo nao ni hivyo hivyo: hauonekani, lakini aliyeubeba anausikia uzito wake. Jana ufito uliinama kwa gololi, hatukujifunza kitu. Leo umeinama kidogo tu, na tumejifunza. Jaribio likigoma, andika kwamba limegoma, kisha uliza kwa nini. Hiyo ndiyo kazi ya sayansi. Na ninyi wengine, mlimwacha mwenzenu afanye peke yake kazi ya watu wawili. Hilo nalo mlifikirie."

Kisha kiti kilikwaruza nyuma. Kicheko alipita katikati ya madawati, mkoba begani.

"Sogea," alisema bila kucheka. "Lakini kwanza waahidi wote kwamba hutatudanganya tena. Mimi peke yangu sitoshi."

Chiriku alifuta macho kwa mkono wa sare, akawageukia wenzake, na sauti yake ya zamani ikatoka yote:

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: kazi yangu ikishindikana, nitasema imeshindikana. Sitaficha tena kitu ndani."