Mkasi na Jiwe la Figo

Kinyozi mmoja aliitwa Mkasi, kwa sababu hata ulimi wake ulikata. Alinyoa watu tangu asubuhi hadi jioni. Maji alikunywa kidogo sana, kwani hakutaka kumwacha mteja na nusu ya ndevu ili akimbilie chooni.

Siku moja ubavu ulimuuma mpaka akalia mbele ya wateja. Hospitalini, picha ilionyesha mawe mawili kwenye figo. Dogo lingetoka lenyewe. Kubwa huenda lingehitaji upasuaji, na Mkasi, mtu wa wembe, aliogopa kisu kuliko kitu chochote.

Daktari alimpa kichujio cha kukojolea. Alidake lile dogo, alipeleke maabara. Mawe ya figo si ya aina moja, alisema, na aina ndiyo itakayoamua kama ni kisu au dawa.

Jiwe lilitoka kweli, lakini kazini, na kichujio kilikuwa nyumbani. Likaenda na maji. Mkasi alimwonea haya mkewe, aliyekuwa akimuuliza kila siku. Basi akaokota kijiwe nje ya duka, akakiosha, akakifunga kwenye karatasi. Moyoni alisema jiwe ni jiwe.

Maabara walikwenda wote wawili. Mtaalamu, mama mchangamfu, alikisaga kile kijiwe, akaweka unga wake kwenye mashine ndogo.

"Mashine inaumulika unga kwa mwanga usioonekana kwa macho," alieleza. "Ni jamaa ya lile joto unalolisikia ukikaa karibu na moto. Kila kitu humeza sehemu yake ya mwanga huo. Mashine inachora mstari wa kilichomezwa, nasi tunaulinganisha na mistari tunayoijua."

Akautazama mstari. Akamtazama Mkasi.

"Kaka, hili halikutoka mwilini mwako. Hili ni la barabarani."

Mkewe alicheka hadi akashika ukuta.

"Baba watoto, ulitaka waitibu barabara?" Kisha akafuta machozi. "Mimi sitaki jiwe. Nataka upone."

Tangu hapo kichujio kilikaa mfukoni. Baada ya wiki mbili, kipande kilimeguka kutoka kwenye jiwe kubwa, kikadakwa. Safari hii mstari ulilingana na wa mawe ya asidi ya yuriki. Daktari alifurahi. Aina hiyo, alisema, mara nyingi huyeyuka kwa dawa na maji mengi. Nyama Mkasi aipunguze.

Miezi mitatu baadaye, picha ilionyesha figo safi. Mkasi alimkumbatia mkewe palepale hospitalini, mbele za watu, kwa furaha isiyo na haya.

Juma lililofuata, mteja alimnong'oneza kwamba naye amepewa kichujio, ila anaona tabu kutembea nacho. Mkasi alizima mashine ya kunyolea.

"Tembea nacho," alimwambia. "Na jiwe likikuponyoka, sema ukweli. La barabarani nimeshawapelekea mimi."