Tawi Lililolala

Jioni ile mbuzi mmoja alikuwa amezaa, na mbuzi akizaa hakuulizi kama una kazi nyingine. Nilipomaliza kumfuta mtoto wake na kumsogeza kwenye chuchu, jua lilikuwa limeshazama. Wale wengine walikuwa wanapiga kelele bandani, hawajala. Nikachukua panga, nikaenda kwenye uzio kuwakatia majani.

Uzio wetu ni wa kaliandra. Kama hufugi, huenda huijui. Ni kichaka chenye majani madogo madogo kama ya mkwaju, na maua yake ni nyuzi nyekundu tupu. Unakikata leo, shina linachipua tena. Mbuzi wakila, maziwa yanaongezeka. Lakini kina tabia yake. Giza likianza kuingia, majani yanajikunja mawili mawili, yanalala. Maua ndiyo kwanza yanafunguka.

Mamamkwe wangu, aliyenikabidhi banda lile magoti yalipomshinda, alinipa na sharti moja. Kaliandra iliyolala haikatwi. Nilidhani ni habari za maziwa. Wazee wana masharti mengi, ukiyafuata yote hutafika sokoni.

Nikakata mzigo wa mbuzi, nikautupa bandani. Nikarudi kuchukua na mwingine.

Shhh... shhh... shhh...

Kitu kilikuwa kinaburutwa vumbini, nje ya uzio.

"Hodi, mwenye mbuzi."

Ilikuwa sauti ya kike, ya chini sana, kama ya mtu anayeogopa kuamsha watu. Nikachungulia juu ya matawi. Alikuwa mwanamke mrefu, kajitanda nguo hadi puani. Mkononi alishika kamba ndefu, na mwisho wa kamba ulikuwa umelala chini.

"Karibu," nikasema.

"Sikai. Naomba tawi moja tu. Wangu amegoma kula."

Sisi wafugaji hatunyimani majani. Leo kwako, kesho kwangu. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye ile kamba. Kitanzi kilikuwepo. Shingo haikuwepo.

"Yuko wapi mbuzi wako?"

"Amelala."

Nikajiambia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikakata tawi moja lenye majani mengi, nikataka kulirusha upande wake.

"Usirushe," akanong'ona. "Nipe mkononi."

Nikampa. Vidole vyake vikagusa vyangu. Vilikuwa na joto, joto lile la mtoto unayemtoa kitandani asubuhi. Akanukia maua ya kaliandra, utamu uliochanganyika na uchachu, kiasi kwamba nilirudi nyuma. Hakushukuru. Alielekea kando ya uzio, upande wa kwa jirani, na kamba yake ikamfuata.

Shhh... shhh...

Haukupita muda nikasikia naitwa.

"Shoga! Nipe basi hilo panga, langu limekuwa kijiko!"

Huyo ni Mama Mikate, jirani yangu. Anaoka mikate nyuma ya nyumba yake, na tanuri lake anawasha kwa kuni za kaliandra hiyo hiyo ya uzio wetu. Nikampitishia panga, mpini mbele, kama siku zote. Panga lile lina pengo kwenye makali. Mume wangu aliligonga kwenye msumari mwaka tuliojenga banda. Kila likikata, linaacha kamstari kamoja kalikoinuka kwenye kidonda cha tawi. Mume wangu hunitania kwamba hata nikiiba majani ya watu, nitajulikana.

Nikaingia ndani. Mwanangu alikuwa ameshalala, jambo lililonishangaza. Tunamwita Sisimizi kwa sababu hatulii. Anakula akitembea, anaoga akiruka, na hata usingizini miguu yake hucheza. Rafiki yake wa damu ni Kidonge, binti wa Mama Mikate. Huyo ni kinyume chake kabisa. Anakaa karibu na tanuri siku nzima akimkandia mama yake unga, na pua yake ndiyo saa ya nyumba ile. Akisema mikate inaungua, inaungua.

Nilimfunika Sisimizi. Miguu yake ilikuwa imetulia tuli. Nikafikiri, leo amechoka.

Asubuhi hakuamka.

Nilimwita, nikamtikisa, nikammwagia maji usoni. Akapumua tu, taratibu, na uso wake mzuri. Mume wangu ni mlinzi. Alirudi kutoka kazini akipiga mluzi, na mluzi ukamkatikia mlangoni. Tulimkimbiza zahanati. Muuguzi akampima huku na huku, akatutazama kama tunamchezea.

"Huyu amelala tu, mama. Mapigo yake mazuri kuliko yako. Mrudisheni kesho kama bado."

Tulirudi naye mchana. Jua lilikuwa kali, na uzio wote umechanua majani yake. Wote, isipokuwa kichaka kimoja.

Kile nilichokata tawi.

Majani yake yalikuwa yamejikunja mawili mawili, mchana kweupe. Nilikaa pale pale chini na mtoto mapajani. Panga langu lilikuwa limetundikwa kwenye tawi, Mama Mikate ameshalirudisha. Nyumba yake ilikuwa imefungwa na hapakuwa na harufu ya mikate siku ile. Niliona yote hayo, lakini akili yangu ilikuwa kwa mwanangu.

Mamamkwe wangu ni mtu wa mizaha. Hata msibani atakuchekesha. Siku ile alinisikiliza bila kutania.

"Ulimpa kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, mama."

"Likiwa limelala?"

"Limelala."

Akavuta pumzi ndefu.

"Nilikukataza mwanangu. Ukitoa kilicholala nje ya uzio wako, umeruhusu kilicholala ndani kifuate. Leo jioni atapita tena, hao hawashibi. Mfuate. Mume wako abaki amshike mtoto, asimlaze chini. Chukua tawi lako mwenyewe, la mtu mwingine usiguse."

"Nikikosea je? Hataamka?"

Mamamkwe akaugeuzia ukuta uso wake.

"Ataamka. Hapo ndipo pabaya."

"Mama, wewe umejuaje mambo haya?"

"Usiniulize."

Jioni nilijibanza nyuma ya banda. Mbuzi, ambao saa ile hulia kama wamechinjiwa baba yao, walinyamaza wote kwa pamoja. Yule mtoto wa mbuzi akaingia chini ya mama yake.

Shhh... shhh...

Alipita bila kutazama kwetu. Nilimwacha atangulie, nikaufuata mstari wa kamba vumbini. Ulikatiza njia ya nyuma, ukapita kwenye ghala la mbolea, ukaniongoza hadi kwenye banda la zamani la kukusanyia maziwa. Nalijua banda lile. Nilikuwa napeleka maziwa pale kabla halijafungwa. Mlango ulikuwa wazi. Yeye simwoni, ila kamba ilikuwa imeachwa kizingitini.

Nikairuka.

Ndani kulinukia maua. Mwanga kidogo ulipenya kwenye matundu ya bati, na macho yangu yalipozoea nikaona kwamba dari yote imetundikwa matawi. Yananing'inia vichwa chini, majani yamejikunja.

Halafu nikasikia.

Pumzi. Pumzi ndogo ndogo, nyingi, zikipanda na kushuka juu ya kichwa changu. Moja ilikuwa inakoroma kidogo kama mwenye mafua.

Nilitaka kukimbia, nikaukumbuka uso wa mwanangu. Nikanyanyua mkono, nikaanza kupapasa, tawi baada ya tawi, kidole gumba kwenye kidonda. Laini. Laini. Limechanika, hili limevunjwa kwa mkono. Laini. Jasho linanitiririka mgongoni na pumzi zile zinanigusa nywele...

Kamstari.

Nilirudia kupapasa mara mbili. Kalikuwa kale kale, kameinuka katikati kama mshono. Nikalivuta tawi, nikalikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto.

"Umelijuaje?"

Alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka. Wallahi singegeuka hata kwa dawa.

"Kwa panga langu," nikasema. "Panga langu lina pengo."

Kisha akacheka kidogo, cheko la puani, la mtu anayemhurumia mwenzake.

"Haya," akanong'ona. "Nenda nalo."

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki njiani na sikukirudia. Nilifika nyumbani pumzi hazitoki, nikaliweka tawi juu ya kifua cha mwanangu. Yakaanza majani. Moja likafunguka, likafuata la pili, kisha yote kwa pamoja, usiku ule unaingia. Na macho ya Sisimizi nayo yakafunguka.

"Mama..."

"Nipo, mwanangu! Nipo hapa!"

Nililia bila aibu. Mume wangu alicheka huku machozi yanamdondokea ndevuni. Mtoto akatutazama, mmoja mmoja, kwa utulivu. Akainua pua kidogo, akanusa.

"Mikate inaungua," akasema.

Tukacheka zaidi. Mikate gani, na jirani hakuwasha tanuri? Lakini mamamkwe wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, hakucheka. Alikuwa anatazama mikono ya mtoto juu ya blanketi. Nikaitazama na mimi. Ilikuwa inakunja blanketi, inalisukuma kwa kiganja, inaligeuza. Inakunja, inasukuma, inageuza. Polepole, kwa ufundi, kama mtu aliyezaliwa kwenye unga.

Mwanangu hajawahi kukanda unga. Hajawahi kukaa mahali muda wa kutosha.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Mikate, kambeba Kidonge mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala begani.

"Shoga, nimeshinda hospitali tangu alfajiri," akasema, na sauti ikamkatika. "Hajaamka tangu jana. Wanasema amelala tu."

Nikamshika mkono.

"Kuna mtu alikuja kwako jana jioni? Mwenye kamba?"

"Yule mama? Alikuja. Nilimpa katawi ka mbuzi wake, nikajisemea thawabu."

"Ulikata na nini?"

Akanishangaa.

"Si na panga lako. Nikate na nini kingine?"

Nyuma yangu kitandani, mtoto akageuka aliposikia sauti ile. Mikono yake ikaacha kukanda.

Kulipokucha tulikwenda mimi na mume wangu kwenye lile banda. Hapakuwa na tawi hata moja, ila vumbi, madumu yenye kutu na majani machache makavu sakafuni. Mume wangu anasema mtoto alipatwa na homa, na homa hubadilisha watu. Anasema tushukuru. Mamamkwe wangu hasemi kitu. Siku moja tu, akimtazama mume wangu akila, aliniambia taratibu, "Utamzoea. Mimi nilizoea." Akajifunika kanga hadi kichwani, na tangu hapo nikimtazama mume wangu sijui nimuulize nini.

Kidonge bado amelala. Kila mchana nampelekea maziwa mama yake, ambayo hakuna wa kuyanywa, kisha nakaa kando ya kitanda. Mama akitoka, nainama sikioni mwa mtoto na kuita, "Sisimizi." Sijui kwa nini naita pale. Mwanangu hayumo mle. Mwanangu ananing'inia mahali fulani kichwa chini. Lakini sina mahali pengine pa kumwita.

"Shoga," Mama Mikate aliniambia jana, "unampenda mwanangu kuliko hata dada zangu."

Nimwambie nini? Kwamba wake yuko kwangu, anakula, anapumua, na jioni husimama kwenye uzio kumsikiliza mama yake akipanga magunia ya unga? Nikimwambia, atamchukua. Nami nitabaki na nini?

Jua likizama natoka na panga. Nakata tawi lililolala, nasimama nalo langoni, nasikiliza kamba. Hajapita tena.

Na yule mtoto ameshanijua. Ana akili, maskini. Siku hizi nikirudi kutoka langoni, namkuta anakimbia uani, anaruka ndoo, anachezesha miguu kama alivyomwona rafiki yake akifanya. Anakimbia huku anahema, hajazoea. Halafu anasimama, anageuka, ananitazama aone kama nimefurahi.